Thamani ya Filamu Zilizodharauliwa

Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968, studio kubwa za Marekani zilibanwa na kanuni kali ya maadili. Watengenezaji wadogo waliokuwa nje yake waliuza yaliyokatazwa: uchi, dawa za kulevya, hata damu tele, kama katika Blood Feast (1963). Nakala zao chache zilizungushwa mji hadi mji, nyingi zikapotea. Uhaba huo ndio uliowavuta wakusanyaji. Mwaka 1990, mjini Seattle, Mike Vraney alianzisha Something Weird Video, akazirudisha katika kanda za video. Mkusanyaji hatafuti sanaa iliyokamilika, bali ushahidi wa tamaa na hofu ambazo jamii ilizificha. Pasipo ukaidi wake, historia ya sinema ingebaki ya wenye heshima peke yao.