Mkataba wa Duarani

Wanasheria wetu wakiandika juu ya madini siku hizi, macho yao huelekea Washington. Sina ugomvi nao. Mwaka 1992 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa 1965 uliofungua njia kwa wawekezaji wa nje kuzishitaki serikali mbele ya wasuluhishi huko, na mwaka 1994 tukatiliana saini na Uingereza mkataba wa kulinda vitega uchumi. Gharama yake tumeiona. Leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilipofutwa kwa sheria ya 2017, wenye eneo la nikeli la Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, walikwenda huko, na Julai 2023 wakapewa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zikamalizana kwa milioni 90.

Mimi navutwa zaidi na mikataba ya Nyarugusu, Geita, ambayo haiandikwi vitabuni wala mahali pengine popote. Mwenye leseni mara nyingi hachimbi. Humruhusu mtu afungue duara. Mwenye duara hutafuta mfadhili wa chakula, magogo na pampu. Wanaapolo hushuka bila mshahara, kwa ahadi ya mgawo tu. Mawe yakipanda hugawanywa mfuko kwa mfuko, kila mmoja akapeleka fungu lake karashani. Mwamba ukikosa dhahabu, jasho limekwenda bure, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa ndivyo walivyopatana.

Wako wasomi wanaouita utaratibu huu mazoea tu. Sikubaliani nao. Sheria ya Mikataba ya 1961, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya 1872 tuliyorithi kwa Waingereza, inasema katika kifungu cha 10 kwamba makubaliano ya watu wenye uwezo kisheria, yaliyofanywa kwa hiari, kwa malipo halali na kwa lengo halali, ni mkataba. Karatasi haidai, ila pale sheria nyingine inapodai. Kwa kipimo hicho neno la duarani ni mkataba kamili.

Tatizo liko kwenye hayo maneno “lengo halali.” Dhahabu iliyo ardhini si ya mwenye shamba wala ya mchimbaji, ni mali ya umma, na anayeichimba lazima awe chini ya leseni. Leseni ndogo, kwa sheria ya 2010, ni ya Watanzania peke yao na hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Ikiisha bila kuhuishwa, mgawo wa aliyeko shimoni unayumba pamoja nayo, ingawa karatasi yenyewe hajapata kuiona.

Hata leseni ikiwa hai, akidhulumiwa itambidi athibitishe kilichosemwa. Ushahidi wake ni wenzake waliosikia, na hao hawakai. Dhahabu ikisikika kwingine wanafunga mizigo. Aliyeshuhudia mgawo wa Machi, ifikapo Juni yuko Chunya.