Chandarua na Usingizi wa Mtoto katika Pwani ya Mtwara

Historia ya chandarua katika pwani ya Mtwara huandikwa kama tawi la historia ya malaria. Mkabala huo unaanzia katikati ya habari. Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Hata hivyo, neno chandalua, kwa maana ya pazia la kuzuia mbu, lilikwisha kuorodheshwa na Edward Steere katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870, miaka 6 kabla hajawaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja kwenda Masasi. Ushahidi huo ni wa Unguja, na haufai kubebeshwa uzito usio wake. Lakini Mikindani nayo ilikuwa bandari ya majahazi yaliyoleta nguo hizohizo. Kabla chandarua hakijahusishwa na homa, kilichotafutwa kwacho kilikuwa usingizi.

Usingizi huo haukuwa wa mtoto peke yake. Mchana mtoto husinzia mgongoni, ndani ya mbeleko, mama akiwa shambani. Usiku hulala naye kitanda kimoja, akinyonya kila ashtukapo. Kwenye vijiji vya mlango wa Ruvuma, penye mikoko na madimbwi, mbu mmoja sikioni huwaamsha wote wawili.

Mipango ya serikali ilileta kusudi jingine. Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004, iliwapunguzia wajawazito bei ya chandarua. Mwaka 2013 ugawaji wa vyandarua kupitia shule ulianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mara nyingi chandarua cha mtoto mchanga kikafika nyumbani mikononi mwa kaka au dada yake. Lugha ya mipango hiyo ilikuwa ya kinga. Usingizi haukutajwa sana.

Wakati wa mvua makusudi hayo mawili huenda pamoja. Mwezi Oktoba huachana: joto limepanda, mvua haijanyesha, mbu ni wachache, na chandarua huzuia upepo. Mtoto hulia, mama hukikunja, mtoto hulala. Kumwita mama huyo mzembe ni kutoelewa alichokifunga chandarua kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba anofelesi mmoja mwenye vimelea anatosha kumwambukiza mtoto, na huja baada ya wote kulala.