Sauti ya mtangazaji ilikwenda wapi?

Juma hili naomba tuiache siasa tuzungumzie waya. Nina maana ya njia inayopita sauti kutoka kinywani mwa mtangazaji, au kwenye santuri, hadi kwa msikilizaji na hadi mahali inapohifadhiwa. Hiyo njia ya pili wengi huisahau.

Zamani njia hizo zilionekana kwa macho. Mwaka 1971, mjini New York, fundi aitwaye Alex Rosner aliitengenezea klabu ya Haven mashine ya kuchanganyia muziki. Ilipakwa rangi nyekundu, watu wakaiita Rosie. Jambo kubwa ndani yake ni kwamba mpiga santuri aliweza kuisikiliza santuri ya pili kwa hedifoni, huku ukumbini watu wakiendelea kucheza ile ya kwanza. Kazi yote ya madijei imejengwa juu ya jambo hilo moja. Aliyetaka kuuhifadhi usiku ule alichomeka kinasa sauti kwenye tundu la kutolea sauti, basi.

Miaka thelathini baadaye, kazi hiyo ikaanza kuhamia ndani ya kompyuta. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, mtafiti Tue Haste Andersen alianza kuandika programu aliyoiita Mixxx. Hakuwa akitafuta chombo cha kupigia muziki harusini. Alikuwa akichunguza jinsi dijei anavyofanya kazi na jinsi kompyuta inavyoweza kumsaidia, na mwaka 2003 aliueleza utafiti wake mbele ya wataalamu waliokutana Montreal, Kanada. Programu yenyewe aliitoa chini ya leseni ya GNU. Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza, maana Waingereza wana neno moja kwa kitu cha bure na kitu kilicho huru, na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, imembidi miaka yote kueleza kwamba yeye hazungumzii bei. Mixxx ni ya bure, na pia ni huru: yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuigawa. Ndiyo sababu wanaojitolea wameendelea kuitunza hadi leo.

Kwa kituo kidogo cha redio, programu hiyo ni studio nusu. Inapiga nyimbo, inapokea maikrofoni, inapeleka matangazo kwenye intaneti, na ina kitufe cha kunasa. Ukikibonyeza, kila kilichochanganywa kinaandikwa kwenye faili. Kila kilichochanganywa ndani ya kompyuta, lakini. Hapo ndipo penye mtego.

Kuna redio moja, sitaitaja, iliyokuwa na mzee wa vipindi vya Jumamosi usiku. Alikuwa na mazungumzo yanayozidi utamu wa nyimbo alizopiga. Alipofariki, familia ikaomba sauti yake. Faili zilikuwapo, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Tukazifungua: wimbo, kisha kimya, kisha wimbo. Saa tatu nzima namna hiyo. Nyimbo zote tulikuwa nazo tayari kwenye santuri na kanda, yeye hakuwamo.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Maikrofoni yake ilichomekwa kwenye meza ya kuchanganyia iliyokuwa nje ya kompyuta, na sauti yake ikatoka hapo moja kwa moja kwenda kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Kompyuta ilinasa kilichopita kwake tu. Wala mafundi hawakufanya hivyo kwa uvivu. Sauti ikiingia kwenye kompyuta na kurudi kwenye hedifoni huchelewa sehemu ndogo ya sekunde, na mtangazaji anayejisikia akichelewa huanza kubabaika. Kwa hiyo wakaikwepesha.

Zamani sauti zilipotea kwa kubana matumizi: kanda ilikuwa ghali, ikafutwa na kutumika tena. Hata BBC, tajiri kiasi hicho, ilifuta sehemu kubwa ya kanda za televisheni za studioni kuhusu binadamu kutua mwezini Julai 1969. Siku hizi nafasi ni tele, na bado tunapoteza, kwa kuwa njia ya sauti haionekani tena. Waya mmoja ukiishia pasipostahili, hakuna taa inayowaka.

Katika Mixxx mpya tiba imo. Kwenye ukurasa wa kupangia vifaa vya sauti pana mlango wa kuingizia maalumu kwa ajili ya kunasa na kurusha. Unatoa waya kwenye meza ya nje, baada ya sauti zote kuchanganyika, unauingiza hapo, na faili inabeba nyimbo pamoja na maneno. Mtangazaji anaendelea kujisikia bila kuchelewa. Gharama ni waya, na kadi ya sauti yenye tundu la ziada kama kompyuta haina.

Kuhusu nafasi, saa moja ya sauti isiyobanwa, ya kiwango cha CD, huchukua megabaiti 635 hivi. Saa tatu za mzee wetu zingeingia katika kijikadi cha gigabaiti 2, na nafasi kidogo ingebaki.