Ajizi

Methali inasema ajizi ni nyumba ya njaa. Wengi tunaitamka, lakini ukiuliza ajizi ni nini hasa, jibu huwa "uvivu". Sikubali. Mvivu hataki kazi. Mwenye ajizi anaitaka, hata jembe ameshanunua, ila ataanza kesho.

Neno limetoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kushindwa, kukosa uwezo. Mzizi huohuo umetupa ajuza, yaani bikizee aliyeishiwa nguvu, na muujiza, jambo linalowashinda wanadamu kulifanya. Kiswahili kimelisogeza neno: kwetu ajizi humwangukia anayeweza lakini analegea. Naona limekuwa kali zaidi hapa kuliko kule lilikotoka, maana limemnyang'anya mtu udhuru.

Wala tusiichanganye na kuahirisha. Spika akiliahirisha Bunge hutaja siku na saa ya kurudi. Ajizi haina tarehe. Ina "baadaye kidogo", ina "nikipata nafasi", na ile "kesho panapo majaliwa" ya kumsingizia Mungu.

Kwa hiyo anayetaka kuiacha na aige Spika: ataje saa. "Wiki hii nitapalilia" haijapalilia shamba la mtu. "Alhamisi saa moja asubuhi, matuta mawili" hupalilia, angalau hayo mawili.

Makala haya nilitakiwa kuyawasilisha Jumatatu. Nimeyamaliza Jumatano usiku.