Reli ya Bububu

Reli ya Bububu ilikuwa njia nyembamba ya reli katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Ilianza kutumika mwaka 1905, ikiunganisha Mji Mkongwe, karibu na Ngome Kongwe, na kijiji cha Bububu upande wa kaskazini, umbali wa maili 7 (takriban km 11). Upana wake kati ya reli na reli ulikuwa mm 914 (futi 3).

Reli iliyotangulia

Reli ya kwanza Unguja ilijengwa mwaka 1879 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, kusini mwa mji. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani aliagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Njia hiyo iliachwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Ilitangulia kwa miaka 14 ujenzi wa reli ya Usambara, ulioanza Tanga mwaka 1893.

Injini zenye tangi

Injini ya Chukwani ilikuwa na magurudumu 4, yote yakisukumwa na mvuke. Injini za aina hii hubeba maji katika tangi lililo juu ya injini yenyewe, wala hazivuti behewa la pekee la maji na kuni au makaa. Kwa hiyo ni fupi, hupita kwenye kona kali, na zinaweza kwenda mbele au nyuma bila kugeuzwa. Uzito wa maji pia huyakandamiza magurudumu yasiteleze. Kasoro yake ni kwamba tangi ni dogo, hivyo hazifai safari ndefu. Zilitumika sana viwandani, migodini na mashambani.

Ujenzi na matumizi

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney. Treni ilipita katika mitaa myembamba ya mji, karibu kabisa na milango ya nyumba. Ilipendwa na abiria, lakini cheche za injini zilileta malalamiko ya moto na ya nguo kuungua. Mwaka 1911 serikali iliinunua. Barabara za magari zilipoenea, huduma ya abiria ilisimamishwa mwaka 1922. Baadaye reli ilibeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa.

Jina la Bububu

Wengi husimulia kwamba kijiji kilipewa jina kutokana na mlio wa treni. Hata hivyo jina ni la zamani zaidi: Sayyida Salme (Emily Ruete), aliyeondoka Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, miaka 19 kabla ya treni kufika huko.