Nembo ya mwokaji wa nyumbani: Rangi moja yatosha

MWOKAJI anayeuza keki na mikate kutoka jikoni mwake huhitaji nembo inayosomeka ikipigwa kwa muhuri wa mpira juu ya mfuko wa kaki. Mchoro wenye rangi tano, vivuli na mistari myembamba hutapakaa wino, jina lisisomeke. Hapo hulazimika kulipia stika za rangi kwa kila oda, gharama inayomeza faida ya keki ndogo.

Nembo basi ianzie kwenye jina, kwa herufi nene, kisha umbo moja pekee. Suke la ngano na kofia ya mpishi vimetumiwa na wengi mno. Afadhali achore kile wateja wanachomjia, hata kama ni mkate wa sinia. Mchoro upunguzwe hadi upana wa sentimita mbili. Usipotambulika, kitu fulani kiondolewe.

Wengi hudhani kwamba kusajili jina la biashara huwapa pia haki ya nembo. Sivyo. Alama za biashara husajiliwa na taasisi ya KIPI, na hulindwa kwa miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Mikate na keki zimo katika daraja la 30. Jina linaloeleza bidhaa tu, mathalan ‘Keki Tamu’, ni vigumu kukubaliwa.

Aidha, alama ya ubora ya shirika la KEBS haichorwi kando ya nembo bila kibali.