Damu ya Ziwani na Damu ya Mlimani

Nilipokuwa nikifundisha biolojia chuo cha ualimu, somo la uteuzi asilia tulilieleza kwa nondo wa Uingereza: masizi ya viwanda yalipotia miti weusi, nondo weusi wakaongezeka, kwa kuwa ndege hawakuwaona upesi. Wanachuo walikariri, wakafaulu. Sikuwaambia kwamba mfano mzito zaidi ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki, na pengine umo katika damu ya baadhi yao.

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alipima damu za makabila mbalimbali akitafuta selimundu, yaani chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na urithi huo. Nyanda za juu hakutimia hata mmoja katika 100.

Hapo ndipo penye fumbo. Jeni huwa na sura mbalimbali, ziitwazo aleli. Mwenye aleli moja ya selimundu kwa kawaida huishi kama wengine. Aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huugua, na zamani wengi wao walikufa wangali wadogo. Tufanye hesabu. Wabebaji wakiwa 20 kwa 100, ndoa 1 katika 25 hukutanisha wabebaji wawili, na kwa wastani robo ya watoto wao huzaliwa wagonjwa. Ni mtoto 1 katika kila 100, na kila aliyekufa aliondoka na aleli mbili. Mbona basi hazikwisha?

Allison aliona kwamba selimundu hufuata malaria. Mwaka 1954 alitangaza utafiti wake: aleli moja humkinga mtoto na malaria kali. Penye mbu wengi, ugonjwa wa damu ulipunguza aleli za selimundu, nayo malaria ikapunguza zile za kawaida, mpaka mizani ikatulia. Mlimani kwenye baridi hapakuwa na faida ya kufidia hasara, aleli ikabaki haba.

Vitabu hupenda neno hilo, mizani. Nimezijua nyumba zilizozika watoto wawili, watatu, majirani wakinong'ona uchawi na kumnyooshea mama kidole, ilhali aleli zilitoka kwa wazazi wote wawili. Na mimi niliyeijua hesabu ile, siku hizo nilikuwa ubaoni nikichora nondo.